Kuutafuta Mkutano wa Wanaoacha Pombe

Mazungumzo ya muuguzi wa jumuiya yetu kwenye hafla ya Uhuru, Richmond Hill

Naomba niseme itifaki imezingatiwa, maana pilau inanukia na mimi nimepewa dakika ishirini tu.

Wengi mnanifahamu. Stashahada ya uuguzi niliipata nyumbani, shahada nikaisomea huku ugenini nikiwa na watoto wawili na zamu za usiku. Mwaka juzi mlinipa mada ya presha na kisukari. Mlinisikiliza vizuri, mkanipigia makofi, halafu mkaenda kuchukua soda na sahani ya pili. Safari hii Katibu aliponiuliza nitazungumzia nini, nikamwambia pombe. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Dada, siku ya Uhuru?" Nikamjibu ndiyo, kwa sababu ni siku pekee katika mwaka tunapokuwa wote ukumbi mmoja: anayekunywa, asiyekunywa, na yule ambaye mkewe anahesabu chupa kimyakimya.

Sikuja kuhubiri. Humu ndani wapo wenye dini zao na wachungaji na mashehe wao. Nimekuja kuwaambia mahali pa kwenda, na mtu anafikaje huko. Tuna kamati ya misiba inayofanya kazi kuliko kamati zote za chama hiki. Mtu akifariki, fedha za kusafirisha mwili zinapatikana, ndege inapatikana, na wa kusindikiza anapatikana. Kwenye tangazo tunaandika "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Wengine hawakuugua kwa muda mfupi. Waliugua miaka kumi, na sisi tulijua, na hakuna aliyewahi kumwambia, "Jumanne saa moja jioni nitakupitia na gari, twende mahali."

Nyumbani pombe ina watu wake na saa zake. Mbege inanywewa kwa kupokezana kata, ulanzi una msimu, mnazi una kilabu chake, na ukizidisha kuna shangazi wa kukusema mbele ya watu. Hapa mtu anatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, anashuka chumba chake cha chini ya nyumba, anafunga mlango, anakunywa peke yake ili apate usingizi. Shangazi hayupo. Na tangu tarehe 5 Septemba 2024, hapa Ontario hata duka dogo la mtaani linaruhusiwa kuuza bia na mvinyo; huhitaji tena kwenda duka maalumu la serikali.

Mnaniuliza sana kiasi gani ni kingi. Mwongozo wa Kanada wa Januari 2023 unasema kipimo kimoja au viwili kwa wiki nzima, hatari ni ndogo. Kuanzia saba kwa wiki, hatari ya moyo na kiharusi inapanda sana, na inaongezeka kwa kila kipimo cha ziada. Kipimo kimoja maana yake ni chupa ya bia ya mililita 341 yenye kilevi asilimia 5, au mvinyo mililita 142, au pombe kali mililita 43. Kile kipimo cha mwenye nyumba anapommiminia mgeni Konyagi hakimo kwenye mwongozo wowote. Lakini mimi kama muuguzi namuuliza mtu swali jingine: ulishawahi kuamua kuacha, au kupunguza, ukashindwa? Akijibu ndiyo, na zaidi ya mara moja, tunaacha kuhesabu chupa na kuanza kuzungumza.

Sasa, hii mikutano. Ilianza na mtu aliyekuwa mgeni mjini, kama sisi. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa kutoka New York, alikuwa Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara iliyokuwa imevunjika. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Amesimama kwenye ukumbi wa hoteli: upande mmoja baa, watu wanacheka, upande mwingine simu, na orodha ya makanisa ya mji. Akaona kwamba kitu kitakachomwokoa jioni ile ni kumpata mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaanza kupiga simu makanisani, mji asioujua, kwa watu asiowajua, akiomba aunganishwe na mtu mwenye shida kama yake. Akafikishwa kwa Henrietta Seiberling, naye akamkutanisha na daktari wa upasuaji wa hapo Akron, Bob Smith. Daktari alikubali kwa shingo upande, akasema atakaa robo saa. Wakazungumza zaidi ya saa sita. Tarehe 10 Juni mwaka huohuo daktari alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, ambayo watu wanaiita AA. Kikundi cha kwanza Toronto kilianza mwaka 1943.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu wengi wetu tunadhani mkutano ni mahali ambapo mzima anamfundisha mgonjwa. Wilson hakwenda kumsaidia Smith. Alikwenda kujisaidia mwenyewe, na Smith akalielewa hilo mara moja, ndiyo maana hakuondoka. Mtu aliyekwishasikia nasaha za mke, za mchungaji, za daktari na za bosi, siku moja anasikia mtu mwingine anaeleza alikuwa anaficha chupa wapi, na ni palepale anapoficha yeye. Hilo sisi wauguzi hatuwezi kumpa.

Na kwa wale wanaopenda ushahidi: mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Waliona kwamba wagonjwa waliosaidiwa kuingia AA na kubaki humo walifanya vizuri kama waliopata tiba nyingine za ushauri, na kwa upande wa kuacha pombe kabisa walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo daktari wako akikuambia nenda mkutanoni, usidhani anakukimbia.

Kuutafuta si kazi. Kuna programu ya simu ya bure ya AA wenyewe, inaitwa Meeting Guide. Ukiifungua hapa Richmond Hill inakuonyesha mikutano iliyo karibu, siku na saa. Usiyetaka programu, piga ConnexOntario, 1-866-531-2600, usiku na mchana, bure, huhitaji kutaja jina. Watakueleza mikutano na pia matibabu. Au piga 211. Ukiwa na haya kuzungumza, wanao pia ujumbe wa maandishi. Mikutano mingi inafanyika kwenye kumbi za chini za makanisa, lakini kikundi kinakodi chumba tu. Si ibada ya kanisa hilo, na Mwislamu anaingia bila kuulizwa. Wana lugha ya "nguvu iliyo juu yetu", kila mtu anaijaza kwa imani yake. Anayetaka njia isiyotaja Mungu kabisa, kuna SMART Recovery, iliyoanza 1994. Na kuna Millati Islami, iliyoanzishwa Baltimore mwaka 1989 na Waislamu waliotaka hatua hizohizo zisimame juu ya Qur'ani.

Kwenye orodha utaona mikutano ya wazi na mikutano iliyofungwa. Wa wazi, yeyote anaweza kuingia, hata dada yako aliyekusindikiza. Uliofungwa ni kwa wenye shida yenyewe tu. Kwa mara ya kwanza nashauri wa wazi, ukiwa na mtu. Utakuta viti vya kukunja, kahawa nyepesi (samahani, kahawa yao kweli ni nyepesi), watu kumi hadi thelathini. Inachukua saa moja hivi. Wanajitaja kwa jina la kwanza. Ukifikiwa zamu na hutaki kusema, unasema leo nasikiliza, wanapita kwa mwingine na hakuna anayegeuka kukutazama. Kikapu kikipita, mgeni hatoi kitu. Hakuna fomu wala kitambulisho. Hawaulizi karatasi zako za uhamiaji, na hawana daftari la majina la kumpelekea mtu yeyote. Sharti lao ni moja tu: uwe na hamu ya kuacha kunywa. Hamu tu, hata ukifika bado unanuka.

Watakuambia utafute mtu wa kukulea, aliyetangulia kuacha, wa kumpigia simu saa nane usiku. Wao wanamwita "sponsor". Najua sisi tukisikia neno hilo tunafikiria Uhamiaji na ndugu wa kuletwa Kanada. Hapa halihusiani kabisa na viza. Ni mlezi tu.

Nenda angalau mikutano mitano au sita, ya vikundi tofauti, kabla hujasema haikufai. Vikundi havifanani, kama vile kwaya na kwaya. Kipo kimejaa wazee waliostaafu, kipo cha wanawake peke yao, kipo cha alfajiri ambacho anayetoka zamu anaweza kukipitia akiwa na sare zake.

Hofu kubwa kuliko zote humu ndani naijua: kuonekana. Jumuiya yetu ni ndogo. Kuna kaka mmoja, simtaji jina wala mkoa wake, na haya nayasema kwa ruhusa yake, alikwenda mara tatu hadi mlango wa kanisa moja hapa Yonge Street, na mara zote tatu akageuza gari. Aliona gari linalofanana na la Mtanzania mwenzake. Nikamwambia, basi nenda Newmarket. Akapanda Viva, akaenda Newmarket. Mkutano wa pili, akainua macho, akamkuta amekaa pembeni Mkenya wanayecheza naye mpira Jumapili. Wote wawili walitaka kuzama ardhini. Kisha yule Mkenya akasogeza kiti. Leo ni mwaka wa nne. Uwanjani wanagombania penalti kama kawaida, na mambo ya Newmarket yanabaki Newmarket. Ukimkuta unayemjua kwenye chumba kile, naye umemkuta.

Hofu ya pili ni ya leseni, na nitaisema wazi kwa sababu madereva wa malori mko wengi. Mkutano hauripoti mtu kokote. Daktari ni habari nyingine: hapa Ontario sheria inamtaka aijulishe Wizara ya Uchukuzi kuhusu mgonjwa mwenye uraibu usiodhibitiwa ambaye pia hafuati matibabu anayoshauriwa. Sikilizeni sehemu ya mwisho. Anayetafuta msaada mapema na kuufuata yuko mahali salama zaidi kuliko anayejificha hadi asimamishwe barabarani na polisi.

Hapa naomba hata mnaopiga picha mweke simu chini kidogo. Mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake nyumbani ili kuwaonyesha watu kwamba ameokoka. Ndani ya saa chache hadi siku moja mwili unaanza kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika. Ndani ya siku mbili anaweza kupata degedege. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani au watu wasiokuwapo. Hali hiyo inaua. Wala si jini wala kurogwa, na msikae kumwombea hadi asubuhi. Pigeni 911, ombeni mkiwa kwenye gari la wagonjwa. Ikiwa ni kutetemeka tu na hamna uhakika, pigeni 811 mzungumze na muuguzi. Na kabla ya yote hayo, nenda kwa daktari, au kwenye kliniki ziitwazo RAAM, ambako huhitaji rufaa. Kwa sisi wa York, shirika la Addiction Services Central Ontario linahudumia eneo letu. Kuna dawa za kumvusha mtu siku hizo za kwanza, na kuna nyingine, naltrexone na acamprosate, zinazopunguza hamu baadaye. Kumeza dawa na kwenda mkutanoni vinakwenda pamoja vizuri sana. Ukikutana mkutanoni na mtu anayekuambia utupe dawa zako, huyo hajui, na hata AA yenyewe haisemi hivyo.

Wazee wangu wengine mtasema hivi vikao ni vya Wazungu. Zanzibar nyumba za upataji nafuu, zile mnazoziita "sober house", zipo tangu 2009, zikaenea na Bara. Zinaendeshwa na vijana ambao wenyewe walikuwa waraibu, wengi wao wa heroini, na wanafuata hatua hizihizi kumi na mbili, kwa Kiswahili chetu, wakikaa duara kila asubuhi. Kama kijana wa Mjini Magharibi anaweza kusimama akajieleza mbele ya wenzake, sisi wa Richmond Hill hatuna udhuru wa utamaduni.

Lugha ndiyo shida ya kweli. Kuna watu Kiingereza chao kinatosha kazini lakini hakitoshi kueleza aibu. Jirani zetu Wairani walilitatua hilo. Wana mikutano ya Kifarsi. Kwa kanuni za AA, watu wawili au watatu wanaokutana ili waache pombe wanaweza kujiita kikundi. Wawili! Sisi tuna timu ya mpira, tuna vikundi vya kuchangiana, tuna kwaya mbili zisizosalimiana. Hatuwezi kuanzisha sisi kama chama, maana kikundi cha namna hii kinaanzishwa na wenye shida yenyewe na hakiwi chini ya chama chochote. Ila wakitokea wawili, chama kinaweza kuwakodishia chumba kwa bei ya kawaida, kuwapa ufunguo, na kutouliza nani anaingia. Wakati tunasubiri, kuna mikutano ya mtandaoni, na Nairobi AA ipo kwa miaka mingi. Kumbukeni tu saa: mwezi huu wa Desemba wao wametutangulia saa nane, kwa hiyo mkutano wao wa jioni sisi ni asubuhi.

Wake na waume wa wanywaji, ninyi mna mkutano wenu. Unaitwa Al-Anon, ulianzishwa mwaka 1951, na mke wa Bill Wilson, Lois, ni mmoja wa walioanzisha. Unaweza kwenda hata kama mwenzako amekataa kwenda kokote. Hamtafundishwa namna ya kumwachisha. Mtafundishwa kulala usiku. Acheni kumpigia bosi wake simu kusema ana homa. Hilo nalisema kama dada yenu, si kama muuguzi.

Vijana, nawaona kule nyuma. Kiswahili changu nitakipunguza mwendo. Kama mzazi wako anakunywa na nyumbani kuna kelele, hukusababisha wewe, na alama zako shuleni hazitamponya. Kuna kikundi cha vijana kinaitwa Alateen, na kuna Kids Help Phone, 1-800-668-6868, au tuma neno lolote kwa maandishi 686868. Unaweza kuzungumza nao bila kumsaliti baba. Na nyie wazazi, mtoto akienda huko msimwambie ametoa siri za nyumba.

Nina ombi moja kwa kamati ya chakula. Mtu akisema anataka soda, apewe soda. Asiulizwe kama anameza dawa, asiulizwe kama ameokoka, asiulizwe kama mkewe amemkataza. Huenda yule amekuja leo akiwa na siku kumi na moja, na kuja kwenye sherehe yetu kumemgharimu kuliko kiingilio alicholipa mlangoni.

Namba zote nilizotaja nimezichapa kwenye vikaratasi vidogo vya kuingia kwenye pochi. Viko kwenye meza ya mapokezi, pamoja na jina langu kwa anayetaka kusindikizwa. Nina gari, na Jumanne na Alhamisi sina zamu. Nimeweka pia rundo jingine vyooni, cha wanaume na cha wanawake, nyuma ya mlango, ili anayehitaji achukue bila kuonekana. Mwenyekiti, nimemaliza, naona wapishi wamesimama.